Doa la Kabdesh

Kabdesh alikuwa na vitu vitatu alivyovipenda kupita kiasi. Cha kwanza ni farasi wake wa kijivu, Boran. Cha pili ni paa lake la bati, alilolipaka rangi ya buluu. Cha tatu ni ufunguo wa kisima. Boran alilala zizini na paa lilikaa juu ya nyumba. Ufunguo ulilala kitandani na Kabdesh mwenyewe, umefungwa shingoni kwa kamba ya ngozi.

"Hebu sogea," mkewe Batima alimwambia asubuhi moja. "Ufunguo wako umenichoma mbavu usiku kucha. Kumbe katika nyumba hii tumeolewa wawili!"

"Huyo mke mwenzako hana kelele," Kabdesh akajibu.

"Na chai hachemshi. Amka ukachemshe mwenyewe."

Kabdesh akavaa viatu akatoka nje. Nyika ya Ulytau, huko Kazakhstan, ilikuwa imeanza kupata joto. Kondoo wake walikuwa wamelizunguka hori la maji kisimani, wanasukumana na kukohoa. Kila walipokanyaga, vumbi liliruka. Hapakuwa na jani hata moja karibu na kisima. Ukitaka majani, ilibidi utembee mpaka miguu iume. Kondoo walikwenda huko na njaa, wakarudi na kiu. Mbavu zao zilionekana hata chini ya manyoya.

"Wataufikia msimu wa baridi hawa?" Batima aliuliza nyuma yake.

Swali hilo lilikuwa limekaa moyoni mwa Kabdesh tangu theluji ilipoyeyuka. Katika nyika ile, kondoo aliyekonda hauoni mwisho wa baridi. Na mchungaji asiye na kondoo huhamia mjini, akalinda geti la mtu mwingine.

"Watafika," akasema mwishowe. "Wageni wakiacha kutumalizia majani."

Mgeni aliyemsema ni Orynsha. Orynsha alikuwa mjane mwenye vijana wawili wakubwa. Majira yale ya kuchipua alihamia ng'ambo ya kilima, kwenye makazi ya zamani ya baba mkwe wake. Desturi ya watu wa nyika inajulikana. Aliyehamia karibu nawe unamwita kwako, unampikia, anakula kabla hata hajapanga vyombo vyake. Kabdesh hakumwita. Kondoo wa Orynsha walipokuja kunywa maji, aliwatazama kwa jicho baya. Kisha akajenga uzio kukizunguka kisima, na mlango wa pampu akaupiga kufuli.

Tangu siku hiyo Orynsha alifuata maji mtoni kwa mkokoteni wa farasi na pipa. Kwenda na kurudi kulimla nusu ya siku. Alikuwa ameshamwambia Batima: "Dada, mambo yakiwa hivi, kabla ya baridi nitauza kondoo niende zangu mjini."

"Unamwonea bure," Batima alimwambia mumewe. "Majani yalianza kuisha mwaka juzi. Orynsha amekuja mwaka huu."

"Wewe uko upande wa nani?"

"Niko upande wa hesabu."

Wakati huo simu ya Batima ikalia. Alisikiliza, akapiga kelele za furaha, akamshika mumewe bega.

"Raushan anakuja! Kesho! Mwanaanga wetu anakuja kwa mjomba wake!"

Raushan alikuwa binti wa dada yake Kabdesh. Utotoni alimaliza likizo zake zote pale, akikimbiza wana-kondoo na kuiba jibini kavu. Alipokua akasoma, akafanya mazoezi, na mwaka uliopita akarushwa angani. Alikaa kwenye kituo cha angani miezi mingi. Ndiyo maana Kabdesh alilipaka paa lake rangi ya buluu. Alitaka mpwa wake alione kutoka juu, na awaonyeshe wenzake.

Kabdesh alifurahi. Alifurahi kweli. Halafu akakumbuka jambo moja, uso ukabadilika.

Kwa watu wale, mtoto wa dada ana haki kubwa kwa mjomba wake. Akija kumtembelea, anaweza kuomba kitu anachokitaka, na mjomba hana ruhusa ya kukataa. Akikataa, atasemwa nyika nzima. Raushan alikuwa hajawahi kuomba kitu. Na mtu aliyetoka angani ataomba nini? Jibini kavu?

"Boran," Kabdesh akanong'ona. "Ataniomba Boran."

"Mtoto wa watu ametoka huko kwenye nyota," Batima akasema huku akicheka mpaka akakaa chini. "Unadhani amekosa usafiri?"

Kabdesh hakucheka. Kesho yake mapema alimfunga Boran kamba, akampeleka nyuma ya kilima, kwenye bonde lenye kisima kilichokufa zamani. Akamfunga kwenye nguzo ya zamani pale. "Vumilia, mwanangu," akamwambia. "Jioni nitakufuata."

Farasi alimtazama kama mtu anayetazama mtani asiye na akili.

Raushan alifika na gari dogo lililojaa vumbi. Alitembea polepole, kwa uangalifu, kama anayevuka tope. Batima alirusha peremende hewani kama inavyofanywa kwenye furaha kubwa. Peremende moja ikampiga Kabdesh kwenye kipara.

"Mjomba, umenenepa!" Raushan akamkumbatia.

"Na wewe umekonda. Huko juu hawali?"

"Tunakula, lakini chakula kinatukimbia. Ukiachia kijiko, kinaelea kwenda kwa mwenzako."

"Hapa ukiachia kijiko, kinachukuliwa na mjomba wako," Batima akasema. "Karibu ndani, binti yangu."

Wakamkalisha mahali pa heshima, kwenye zulia la sufu linalotazama mlango. Raushan alitaka kukataa. Mjomba akamkazia macho, akakaa. Nyama ikaletwa, na maandazi ya moto, na chai ya maziwa kwenye mabakuli madogo. Raushan alishika bakuli lake kwa mikono miwili, akalitazama kabla ya kunywa.

"Unatafuta nini humo?" Kabdesh akamuuliza.

"Nashukuru tu, mjomba. Chai inayokaa chini bila kuruka. Na maji haya yametoka ardhini! Unajua sisi kule tulikuwa tunakunywa maji gani?"

"Ya chupa?"

"Maji ni mazito, huwezi kuyapeleka kila siku. Kwa hiyo yaliyopo hayatupwi. Mtu akipumua, unyevu wa pumzi yake unakusanywa. Akitoka jasho, linakusanywa. Mashine inayasafisha, tunayanywa tena."

Batima akamsogelea. "Na mtu akienda... haja ndogo?"

"Na hiyo pia. Inasafishwa mpaka inakuwa maji safi kabisa."

Kabdesh aliliweka bakuli lake chini taratibu.

"Hiyo ni ya kisimani, kunywa!" Raushan akacheka. "Tulikuwa watu wa nchi mbalimbali. Nimekunywa jasho la Mjapani, na Mmarekani amekunywa langu. Hakukuwa na maji yangu na maji yako. Ukimnyima mwenzako, umejinyima mwenyewe."

Batima alimtupia mumewe jicho moja refu. Kabdesh akajifanya anatafuta chumvi.

"Sasa tuambie la maana," akasema. "Paa langu uliliona?"

"Nilijaribu sana, mjomba. Kila tulipopita juu ya hapa nilikimbilia dirishani. Nilitaka kuwaambia wenzangu, 'Pale ndipo kwa mjomba wangu.' Lakini chombo kinakwenda kasi. Kabla sijamaliza kusema, nyika yetu ilikuwa nyuma. Ukipuliza chai yako mara chache, Kazakhstan yote imekwisha."

"Yote? Na mimi nikienda kwa wakwe zangu natumia siku nzima!"

"Basi nikachukua kamera yenye jicho refu, nikapiga picha."

Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaitandaza zuliani. Kabdesh akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Aliona rangi ya kijani iliyofifia na ya kahawia. Aliona mstari mwembamba wa mto.

"Hapa ndipo kwetu?"

"Ndipo. Kilima hiki hapa. Bonde lile kule."

"Paa liko wapi?"

"Labda ni hii nukta. Labda ni uchafu wa karatasi."

"Uchafu wa karatasi!" Batima akarudia, akajifuta machozi ya kicheko. "Ndoo nzima ya rangi!"

"Na uzio wangu? Nimetumia nguzo nene."

"Uzio hauonekani, mjomba. Ua lolote la mtu sikuliona. Hata mipaka ya nchi sikuiona. Niliona milima, mito, mawingu."

Mashavu yakamshuka Kabdesh. Halafu kidole chake kikasimama katikati ya picha. Palikuwa na doa la duara, jeupe, kama sehemu iliyonyonyoka manyoya kwenye kichwa cha ndama mgonjwa.

"Hili hapa kubwa ni nini? Hili linaonekana vizuri."

Raushan alisita. Alimpenda sana mjomba wake.

"Hilo ni wewe, mjomba."

"Mimi?"

"Hapo katikati ni kisima chako. Doa ni ardhi isiyo na majani. Kondoo wanakaa hapo mwaka mzima, kwa sababu maji yako hapo tu. Wanakula jani mpaka mzizi. Kwato zinasaga udongo, upepo unaubeba. Kila mwaka doa linapanuka. Kondoo wanatembea mbali zaidi kutafuta majani, na nguvu waliyoipata kwenye majani inaishia njiani. Ndiyo maana wamekonda."

"Si mimi!" Kabdesh akapandisha sauti. "Ni kondoo wa Orynsha, yule wa ng'ambo! Wamekula kila kitu!"

"Orynsha alihamia lini?"

"Majira haya ya kuchipua," Batima akajibu haraka, mumewe asije akawahi.

"Picha hii niliipiga kiangazi kilichopita," Raushan akasema kwa upole.

Kabdesh alitazama doa. Alikuwa ametamani kuonekana kutoka angani, na kweli ameonekana. Lakini kilichoonekana ni uharibifu wake peke yake.

Mara wakasikia kwato nje. Kisha sauti ya mwanamke.

"Hodi! Wenyewe mpo? Kabdesh! Nimekuletea mwanao!"

Alikuwa Orynsha. Alisimama mlangoni, nguo zimejaa vumbi, ameshika kamba. Mwisho wa kamba alikuwa Boran, midomo imelowa, anameta kwa maji.

"Nimemkuta amefungwa bondeni kwenye jua," Orynsha akasema. "Anapiga kwato anataka maji. Nikasema huyu ameibwa, na mwizi amekimbia akamwacha. Nilikuwa natoka mtoni na pipa langu. Nikamnywesha. Amekunywa karibu lote, huyu bwana ana tumbo kama lori!"

Batima alijifunika uso kwa kitambaa, mabega yanatikisika. Raushan alimtazama farasi, akamtazama mjomba, akaelewa yote.

"Mwizi huyo," akasema Raushan, "mna habari zake?"

"Tunazo," Batima akajibu. "Ana kipara na paa la buluu."

Orynsha akaduwaa. Alipoelewa, alicheka mpaka akashikilia mlango. Kabdesh naye, uso umemwiva kama nyanya, akasimama. Akamwendea Orynsha.

"Pipa lile lilikuwa la nani?" akauliza.

"La kondoo wangu. Kesho nitarudi mtoni. Ningefanyaje, nimwache mnyama afe kwa sababu ya mwenyewe?"

Kabdesh alitazama chini. Kisha akamgeukia mpwa wake. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Raushan. Hujawahi kuniomba kitu. Omba. Nimeshajiaibisha vya kutosha, mchukue Boran. Namtoa kwa moyo."

"Mjomba, mjini nakaa ghorofani. Nitamlaza kwenye lifti?"

"Basi unataka nini?"

Raushan alinyoosha mkono, akagusa kamba ya ngozi shingoni mwa mjomba wake.

"Nataka huu."

Kabdesh akaushika ufunguo kwa ngumi. "Wewe huna kondoo! Ufunguo wa kisima utaufanyia nini?"

"Kaa nikwambie. Na wewe Orynsha, ingia ukae. Ukitazama dunia kutoka kule, hewa yote tunayovuta ni utando mwembamba tu, kama ganda la kitunguu. Nje yake ni giza na baridi, hakuna kitu. Ndani ya ganda hilo ndimo kila mtu alimo. Mama yangu, wewe, kondoo wako, na watu nisiowajua. Nilidhani nitaogopa. Nilijiona mdogo sana, lakini sikuogopa. Nilishukuru. Nikasema, yote haya tumepewa, na hakuna aliyetuuliza tumefanya nini mpaka tupewe."

Akanywa chai.

"Halafu nikarudi. Chombo chetu kilishuka nyika hiihii, upande wa Zhezkazgan. Walipofungua mlango, upepo ukaleta harufu ya pakanga, lile jani chungu la nyika yetu. Nikalia. Kule juu niliruka kama ndege, lakini hapa chini sikuweza kuinua kichwa changu mwenyewe. Nilibebwa kama mtoto mchanga. Mtu mmoja aliyekuja kutupokea akanishika kichwa, akaninywesha maji. Hakuniuliza mimi ni wa nani. Tangu siku ile, mjomba, siwezi kuona maji yaliyofungiwa kufuli. Moyo unakataa."

Nje Boran alipiga chafya.

Kabdesh akaivua kamba. Ilimkwama kwenye masikio. Batima akamsaidia kuitoa. Alimpa Raushan ufunguo kwa mikono miwili, kama inavyostahili. Raushan akaupokea, akamgeukia Orynsha, akampa.

"Ehee," Batima akashusha pumzi. "Leo nitalala."

Lakini Kabdesh alikuwa bado na swali, na lilikuwa swali la haki.

"Sawa, nimetoa. Lakini kondoo wakiwa wengi zaidi kwenye kisima kimoja, si doa litapanuka zaidi?"

"Litapanuka," Raushan akakubali. "Nimefurahi umeuliza. Hebu tazama picha tena. Unaona alama hizi ndogo za duara? Hapa, hapa na hapa, moja iko bondeni ulipomficha Boran. Zimeota majani."

Kabdesh akainama. Safari hii hakutafuta paa.

"Hivi ni visima vya babu!" akasema. "Walikuwa wanahama. Mwanzo wa kiangazi hapa, katikati kule. Majani ya huku yalipumzika wakati wakila ya kule. Lakini visima hivyo vimefukiwa na mchanga."

"Kwa nini hukuvizibua?"

"Peke yangu? Kuzibua kisima kunataka mtu wa kushuka na watu wa kuvuta. Niko mimi na Batima, na Batima akinishusha mle, hanivuti tena."

"Ningefikiria," Batima akasema.

Orynsha akakohoa kidogo. "Mimi nina vijana wawili wenye mikono," akasema. "Sijawahi kuulizwa."

Wiki ileile wakaanza kazi. Waliwasha taa ya mafuta, wakaishusha kisimani kwa kamba. Kwenye kisima kimoja taa ilizimika. Kijana mkubwa wa Orynsha alitaka kushuka hivyohivyo, lakini mama yake akamdaka ukosi. "Moto umekosa hewa, wewe utaipata wapi?" Hawakukigusa kisima hicho mpaka walipomleta fundi wa visima na mashine yake ya kuingiza hewa. Kwenye visima vingine taa iliendelea kuwaka. Hata hivyo aliyeshuka alifungwa kamba kiunoni, na juu walisimama watu wa kumvuta. Matope yakatoka kwa ndoo, siku baada ya siku. Maji yalipotokea bondeni, Boran alikuwa wa kwanza kuonja. Ilikuwa haki yake.

Jioni hiyo Batima alichinja kondoo, akamwalika Orynsha na vijana wake chakula cha kuwakaribisha wageni. Kilichelewa sana, lakini kililiwa chote.

Tangu hapo familia mbili zilihama pamoja. Kabla majani hayajaliwa mpaka mzizi, waliondoa kondoo wakaenda kisima kingine. Waliposahau, Orynsha aliwakumbusha. Walipobishana, na walibishana mara nyingi, Batima alikuwa upande wa hesabu. Kondoo hawakukohoa tena. Msimu wa baridi ulikuja, ukawa mkali, na kondoo wa nyumba zote mbili wakauona mwisho wake. Orynsha hakuhama. Uzio uling'olewa, na nguzo zake nene zikawa paa la zizi la Orynsha.

Majira ya tatu ya kuchipua, Raushan alirudi. Alileta picha mpya iliyopigwa na mwenzake aliyekwenda huko juu baada yake. Wote wakakaa kwenye zulia. Kabdesh alivaa miwani, akaitafuta nyumba yake kwa kidole. Aliona kilima. Aliona bonde. Alitafuta doa lake jeupe. Mahali pake palikuwa na kijani, chembamba bado, lakini kijani, kimeungana na nyika yote.

"Raushan," akasema, na sauti ilitetemeka. "Mimi niko wapi?"

"Huonekani tena, mjomba."

Kabdesh alivua miwani akaifuta kwa shati, ingawa haikuwa chafu. Kisha akatoka nje, akasimama chini ya anga pana, kofia mkononi, akashukuru.

"Anafanya nini huko nje?" Orynsha akauliza.

"Mwache," Batima akasema, akimwongezea chai. "Maisha yake yote hajawahi kufurahi hivyo kwa kutoonekana."